Mkwe Nyuma ya Shuka

Mama mkwe wangu alianguka kutoka kwenye mnara wa umande akitoa kiota cha kunguru kwenye nyavu za kukingia maji. Kijiji kizima kilikuwa kimeshamwambia kwamba kazi ile ina vijana wake na ina roboti yake, naye siku zote alijibu kwamba vijana ni wavivu na roboti inaogopa kunguru. Hilo la roboti ni kweli. Nimewahi kuiona ikishuka mbio huku kunguru wawili wakiidonoa kichwani, na watu wakicheka hadi kushika mbavu. Lakini asubuhi ile hakuna aliyecheka. Nyavu zilikuwa bado zinachuruzika maji ya kijiji, ngazi ikateleza, na Bi. Mbeleje akatua juu ya mguu wake wa kushoto.

Wakamleta hospitali kwa gari la maji. Mimi nilikuwa chumba cha upasuaji nasafisha mashine niliposikia jina lake likitajwa koridoni.

Dkt. Foibe Chomola, daktari wetu wa mifupa, si mtu wa maneno mengi. Aliitazama picha ya paja, akaitazama tena, akanigeukia.

"Fupa limevunjika vipande, na kipande kimoja kimekalia mshipa wa damu. Ni leo, Amoni. Tukisema kesho, mguu tutaukata."

"Apelekwe mjini."

"Kwa njia gani? Korongo limeondoka na daraja, na gari la angani haliruki kwenye upepo huu."

"Basi atafutwe mtu mwingine wa mashine. Huyu ni mama mkwe wangu, daktari."

Alielewa, maana naye ni mtu wa hukuhuku. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapeani mikono, na wakikutana njiani mmoja anachepuka kama aliyesahau kitu nyumbani. Tangu nimemwoa Sechelela, mama yake namjua kwa kisogo na kwa kanga zake. Akitaka kuniambia kitu anauambia ukuta: "Mwambieni baba chakula kiko tayari." Nami niko hatua tatu kutoka ukutani, nasubiri ukuta uniambie. Vijana wa siku hizi wanaona ni mambo ya kizamani, na wengi wameyaacha. Bi. Mbeleje hajaacha hata moja.

"Perepetua mwenzako yuko mafunzoni," daktari akasema. "Wa mashine ni wewe tu. Kavae."

Mlangoni nilimkuta mke wangu, macho mekundu, kanga ya mama yake imekunjwa kifuani.

"Usimwambie kama upo," akaninong'oneza. "Nakuomba, Baba Ndahani. Akijua wewe ndiye utakayekuwa pale na mguu wake uko wazi, atakataa kupasuliwa. Unamjua. Atasema bora afe."

"Nitakaaje humo ndani bila yeye kujua?"

"Kaa nyuma ya shuka. Usiseme neno. Dada Oliva atasema yote."

Nilikubali. Tulikubali sote, daktari na muuguzi Oliva na mimi, watu wazima wenye vyeti, tukiona tumemfanyia bibi wa watu wema mkubwa.

*

Mashine yenyewe inaitwa Msikizi.

Wazazi wetu walipopasuliwa mguu walipigwa nusu kaputi, au walichomwa sindano ya mgongo, wakaamka kazi imekwisha. Bi. Mbeleje moyo wake hauwezi nusu kaputi, na uti wa mgongo umepinda kwa kubeba maji enzi ambazo minara ilikuwa haijajengwa. Kwa watu kama yeye ndiyo ikatengenezwa Msikizi. Mrija mwembamba kama unywele wa mkia wa ng'ombe unapitishwa kwenye nyonga mpaka pale mshipa wa fahamu unapoingia pajani. Unaachia dawa ya ganzi tone kwa tone. Mgonjwa yuko macho, na kila baada ya muda mfupi mashine inamwuliza hali. Akisema anaumia, inaongeza. Akisema hajambo, inapunguza, maana dawa ile ni kali na ikizidi inausimamisha moyo.

Jambo moja haifanyi. Haimsikilizi mtu mwingine yeyote. Haimsikilizi daktari, wala muuguzi, wala mume wa mgonjwa, wala namba za mapigo ya moyo. Wanaiita Sheria ya Kauli ya Mgonjwa: maumivu ya mtu anayasema mwenyewe, na anayeyasema kwa niaba yake anakwenda jela.

Ukiisikia hivyo unaweza kuiona sheria ya kipumbavu. Mimi naipenda. Mama yangu mzazi alikatwa kidole cha mguu kwa ajili ya sukari, baadaye wakakata wayo. Alipolia kwamba ganzi haijashika, daktari alimwambia muuguzi, "Anadeka tu huyu, endelea." Nilikuwa nje ya dirisha na nilisikia. Watu wa aina ya mama yangu, na wanawake waliokuwa wanajifungua, na wazee waliokuwa hawajui kujieleza, walisemewa hivyo miaka na miaka na watu waliokuwa hawaumii. Sheria ilipopitishwa niliacha ualimu nikajifunza mashine hii, na nikimwekea mtu mrija huwa nasema moyoni kwamba huyu hatasemewa na mtu.

Waliotengeneza Msikizi walitaka iwe na adabu. Wakaipa sauti ya mwanamke mpole, na badala ya kuuliza "Unaumia?" kwa ukavu, inaanza na "Mama, habari yako?" Walijisifu sana kwa hilo, maana mjini lilifanya kazi vizuri. Huko mtu akiulizwa habari anajibu habari.

*

Asubuhi ile Oliva alimwandaa vizuri. Alimwekea mpira wa mkojo akiwa peke yake naye, mlango umefungwa, na nilimsikia Bi. Mbeleje akilalamika kwa sauti iliyojaa uhai.

"Haya, mjukuu wangu, nimezaa watoto sita, hakuna aliyewahi kunitia bomba."

"Litakaa siku chache tu, bibi. Ukishaweza kusimama tunalitoa."

"Na huo mfuko uufunike. Sitaki watu wapite wanaangalia mkojo wangu kama maziwa ya kuuza."

Halafu mashine ikajifunza sauti yake, maana ni lazima imjue mwenyewe. Oliva akamwambia aseme "Naumia" kwa sauti, akasema. Akaambiwa arudie, akarudia akicheka. Sauti hizo zinabaki ndani ya mashine kwa ajili ya kuijaribu, na mtu wa mashine anaweza kuzichezesha kwa kubonyeza kitufe kimoja. Nalisema mapema ili lijulikane.

Mrija niliuingiza mimi, yeye amelala uso umeelekea ukutani na shuka la kijani limetundikwa katikati. Sikuona zaidi ya sehemu ndogo ya ngozi iliyopakwa dawa. Nilipumua kwa mdomo ili asisikie pua yangu, ambayo mke wangu anasema ina mluzi.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Daktari alichana, mashine ikauliza, "Mama, habari yako?" na Bi. Mbeleje akajibu bila kusita, "Naumia kidogo, mwanangu, hapo juu." Matone yakaongezeka. Akauliza kama kunguru wameshaondolewa kwenye mnara. Oliva akamdanganya kwamba wameondolewa. Mkono wangu ulikuwa kwenye mpini wa mashine. Wakati wa upasuaji mtu wa mashine haachii mpini, kwa sababu ukiuachia mrija unajifunga. Nilianza kuamini kwamba tutamaliza salama.

Ndipo daktari, ambaye alikuwa ameinamia damu na akili yake yote iko kwenye mshipa, akasema kwa mazoea, "Amoni, presha?"

Nami kwa mazoea nikamjibu, "Mia thelathini kwa themanini, daktari."

Upande wa pili wa shuka nilisikia kanga ikivutwa ikifunika uso.

"Mama, habari yako?" ikauliza mashine.

"Nzuri," akasema Bi. Mbeleje. Sauti ilikuwa nyingine kabisa, ile anayosalimia nayo wageni uani. "Sijambo kabisa."

Matone yakapungua.

Daktari alikuwa ameanza kuvuta vipande vya fupa viingiane. Ni kazi ya nguvu, haifanani na kazi ya hospitali, inafanana na ya mtu anayeng'oa kisiki. Nilitazama kioo cha mashine na mapigo yake yalikuwa yanapanda. Oliva akamwinamia.

"Bibi, unaumia? Sema tu."

"Sijambo, mjukuu wangu. Fanyeni kazi yenu."

"Mama, habari yako?"

"Nzuri."

Yakapungua tena. Oliva alinyanyua uso akaniangalia juu ya shuka, na machozi yalikuwa yanamlenga. Akanionyesha kwa kidole kwamba bibi ameuma pindo la kanga na jasho linamtiririka mpaka masikioni.

"Ongeza dawa," daktari akasema.

"Siwezi. Hajasema."

"Namwona anavyotetemeka mguu mzima. Siwezi kuacha hapa, mshipa uko wazi. Ongeza."

"Haiongezi kwa amri yangu, daktari, unajua. Inamsikiliza yeye."

"Una sauti yake ya asubuhi," akaninong'oneza, bila kuinua kichwa. "Humu ndani tuko watatu tu."

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Sikumbuki nilikiweka lini. Ningebonyeza, sauti yake mwenyewe ingesema "Naumia", mashine ingefungua mrija, na mama wa mke wangu angepumzika. Ingekuwa kweli tupu, maana alikuwa anaumia. Jela niliifikiria, sitasema uongo, lakini haikuwa jela iliyonizuia. Nilimkumbuka yule daktari wa mama yangu. Naye aliamini anajua. Naye alikuwa na haraka, na mguu uko wazi mbele yake. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa nasema anaumia na yeye alisema haumii, na ni tofauti kubwa. Lakini nikishaanza kumsemea mtu leo kwa sababu najua, kesho nitamsemea nani? Na wakati nawaza hayo yote, mtu alikuwa anavutwa fupa akiwa macho. Niliona aibu kwa mawazo yangu marefu.

Kulikuwa na njia nyingine, nami niliiogopa kuliko jela.

"Oliva, shusha shuka," nikasema.

"Kaka Amoni!"

"Lishushe upande wa kichwani tu. Na usogeze mashine, waya unafika."

Nikaenda nikachuchumaa kichwani pake, mahali ambapo mkwe hakai hata kwenye msiba. Nilimpa mgongo, nikaangalia ukuta, mkono wangu mmoja umeshika mpini nyuma yangu. Kitu pekee nilichoweza kumstahi nacho kilikuwa mgongo wangu.

"Mbukwenyi, mama," nikamsalimu kwa lugha ya nyumbani.

Nilisikia anavyopumua kwa meno. Daktari alisimamisha mikono.

"Mbukwa, baba," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. Yalikuwa maneno ya kwanza aliyonipa bila kupitia ukuta.

Kwetu humwulizi mtu mzima jambo lake kwa kulivamia. Unaanza mbali. Aliyefiwa asubuhi ukimwuliza habari za nyumbani atakwambia nzuri, na habari za watoto nzuri, na za mifugo nzuri, na ukiwa na haraka utaondoka ukidhani kwake hakuna neno. Ukikaa, anafika. Mashine ile haikufundishwa kukaa. Ilikuwa inasikia "nzuri" ya kwanza na kuondoka nayo.

"Habari za nyumbani, mama?"

"Nzuri."

Mashine ikalia mlio wake mdogo, na tone likapungua. Nililijua hilo kabla ya kuuliza. Kila nzuri atakayonipa ingemgharimu, na ya mwisho ningeipata akiwa karibu hana ganzi kabisa. Lakini sikuwa na njia ya kuruka.

"Habari za mbuzi?"

"Nzuri, baba."

Mlio.

"Habari za mtama?"

"Mtama... nzuri. Mvua ilichelewa kidogo."

Mlio. Oliva alikuwa analia waziwazi sasa. Niliuma ulimi. Nilitaka sana kugeuka.

"Na mnara?"

"Mnara mzuri. Una kunguru tu."

"Nasikia wanaipiga hata roboti."

Akatoa kitu ambacho siku nyingine kingekuwa kicheko. Vidole vya daktari vilikuwa vimebana mshipa, na namwona mpaka leo alivyosimama pale kama mtu aliyeshikilia mlango wa mwenzake.

"Na habari za mguu, mama?"

"Nzuri," akasema Bi. Mbeleje. "Nzuri tu, baba."

Mlio. Kioo kikaonyesha tone la mwisho.

Nilikaa.

"Ila," akasema.

"Naam, mama."

"Ila naumia, baba." Sauti ikakatika katikati. "Naumia mno. Wanavuta mfupa nasikia mpaka kichwani. Naumia, nami naona haya mbele yako."

Msikizi ikasikia. Mrija ukafunguka, matone yakaanza kukimbizana, na nilihisi mpini ukitetemeka kidogo mkononi mwangu kama unavyotetemeka dawa ikienda nyingi. Bi. Mbeleje alilia. Alilia kwa sauti, kilio chote alichokuwa amekizuia na pindo la kanga, mpaka kikawa kilio kidogo, mpaka kikawa pumzi.

Sikugeuka. Nilikaa pale nikiangalia ukuta, tukaendelea kuongea habari za mbuzi, mmoja mmoja kwa jina, mpaka daktari alipopigilia fimbo ya chuma ndani ya fupa na kusema imekaa.

*

Nilikwenda kumwona wodini kesho yake alasiri, kwa sababu mrija ulikuwa bado pajani na kuukagua ni kazi yangu. Mguu ulikuwa umefungwa na kuinuliwa juu ya mto. Mfuko wa mkojo ulining'inia chini ya kitanda umevikwa kanga vizuri, na kanga yenyewe ilikuwa mpya kuliko aliyojifunika yeye. Sechelela alikuwa ameketi pembeni akimenya chungwa, kimya cha mtu aliyekwisha kugombezwa vya kutosha.

Nilisimama mlangoni, uso pembeni, nikiusubiri ukuta uniambie kitu.

"Mwambie mumeo aingie," Bi. Mbeleje akamwambia binti yake. "Na mwambie tena kwamba ninyi wawili mmenificha jambo lisilofichwa. Ningejua yupo, ningeamua mwenyewe."

"Ungekataa, mama," Sechelela akasema.

"Ningekataa. Halafu ningekubali. Lakini ningekuwa nimekataa kwanza."

Niliingia nikakaa kwenye kigoda, nimempa mgongo nusu. Nilikuwa na swali lililokuwa limenikosesha raha tangu jana, na kwa kuwa ukuta wetu ulikuwa umeshaanguka mara moja, nililitoa. Nikamweleza kuhusu kitufe. Nikamwambia ningekibonyeza, zile dakika zote za mbuzi na mtama asingeumia.

Aligeuzageuza pindo la kanga vidoleni.

"Ungekibonyeza," akasema, "palepale ningekushukuru. Ningekuombea kwa Mungu." Akavuta kanga. "Halafu siku nikijua, nisingekula tena nyumbani kwako."

Sikujua kama hilo ni jibu la ndiyo au la hapana, na mpaka sasa sijui. Nilikagua mrija bila kuangalia zaidi ya mrija. Nikainuka niondoke.

"Baba," akaniita. Aliniita mimi, siyo ukuta. "Na wewe habari yako?"

"Nzuri, mama."

Nikangoja aniruhusu niende. Hakuniruhusu. Alikuwa amelala tu, macho yake yako darini, hana haraka yoyote. Sechelela aliacha kumenya chungwa.

"Ila mikono, mama," nikasema. "Tangu jana inatetemeka. Na usiku nimemwota mama yangu."

Alitikisa kichwa polepole. Kisha akageukia ile mashine iliyokuwa ikimeta kando ya kitanda.

"Mashine," akasema kwa sauti ya kuamrisha, "na huyu mpe kidogo. Naye anaumia."

"Samahani, mama," ikajibu Msikizi kwa upole wake wote. "Hairuhusiwi mtu kumsemea mwingine."

Bi. Mbeleje akaitazama, akanitazama mimi usoni kwa mara ya kwanza, akarudi kuitazama mashine.

"Hii nayo," akamwambia binti yake, "haikufundwa. Mpe mumeo hilo chungwa."